Jiko la indaksheni limezikataa sufuria zangu: ninunue vyombo gani, na LUKU itastahimili?

Swali: Mtaalamu, mimi ni mtu wa Tanga, kikazi nipo Mbeya na familia ya watu watano. Mdogo wangu amenizawadia jiko la indaksheni la sahani moja, wati 2,000. Nikiweka sufuria zangu za alumini linalia pii pii kisha linajizima. Muuzaji mmoja wa vyombo ananiambia ninunue sahani ya chuma niiweke kati ya jiko na sufuria, mwingine anataka nichukue seti nzima ya stenlesi. Mume wangu hataki hata kulisikia, anasema litamaliza umeme. Kwa sasa tunanunua umeme wa shilingi 9,000 na unatufikisha mwisho wa mwezi. Tuna friji ndogo, taa na televisheni. Tunapikia mkaa, na gesi kidogo. Napika ugali, maharage, wali wa nazi, na chapati siku za Jumapili. Ninunue vyombo gani? Na ni kweli jiko hili linaokoa umeme?

Jibu: Dada yangu, jiko lako ni zima. Linalia kwa sababu limetafuta chuma kwenye kitako cha sufuria zako na halikukiona. Ulitaka nikutajie vya kununua, na nitavitaja, lakini niruhusu kwanza nieleze jiko lenyewe linavyofanya kazi. Ukishalielewa, hakuna muuzaji atakayekuuzia kisichokufaa.

Chini ya kile kioo cheusi hakuna kitu kinachowaka. Kuna koili ya waya za shaba, na umeme unaopita humo hugeuza mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kila sekunde. Koili hiyo inatengeneza uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi hiyohiyo. Chuma kikiwekwa ndani ya uga huo, mikondo ya umeme inazuka ndani ya chuma chenyewe, na kwa kuwa chuma kinaikinza, mikondo inageuka kuwa joto. Yaani joto linazaliwa kwenye kitako cha sufuria. Kioo kinapata moto kwa sababu tu kimekaliwa na kitu cha moto. Kwa hiyo alichokupa mdogo wako ni nusu ya jiko, na nusu ya pili, ile inayotoa joto, ni sufuria ambayo bado hujainunua. Ndiyo maana nakusihi uichague kwa uangalifu uleule ambao mtu anauweka kwenye kuchagua jiko.

Utauliza: mbona alumini inapitisha umeme vizuri sana? Hapo hasa ndipo penye shida. Inaupitisha kirahisi mno, haiukinzi, na tena haivutwi na sumaku. Kwenye chuma kinachovutwa na sumaku, mkondo unabanwa kwenye ngozi nyembamba ya kitako, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, unasongamana pale na joto lake linakuwa kali. Kwenye alumini mkondo huo unatawanyika kwenye unene wa karibu nusu milimita, ndani ya kitu kisichoukinza, na joto linalotoka ni dogo. Jiko linahisi hali hiyo na kujizima lisije likaungua lenyewe. Yapo majiko machache, hasa Japani, yaliyoundwa yapashe hata alumini na shaba, lakini hayo ni ya gharama kubwa na lako si mojawapo.

Sasa twende dukani. Ukitoka nyumbani beba sumaku. Ya spika ya redio iliyokufa inafaa kuliko ile ya kubandika kwenye friji, kwa sababu ina nguvu na haikudanganyi. Geuza sufuria, iweke sumaku katikati ya kitako, kisha isogeze taratibu mpaka pembeni. Inatakiwa ing'ang'anie kila mahali, hata uone shida kidogo kuibandua. Ikishika kwa uvivu, au ikishika katikati na kuanguka pembeni, rudisha sufuria rafuni. Usiipime ubavuni. Ubavu haupashwi na koili.

Neno stenlesi peke yake lisikutoshe. Kuna stenlesi ya namba 18/10, ambayo ina asilimia 18 ya kromiamu na 10 ya nikeli. Inang'aa, haishiki kutu, inapendwa, na kwa kawaida sumaku haiishiki, kwa sababu ya hiyo nikeli. Kuna 18/0 isiyo na nikeli, ambayo sumaku inaishika vizuri. Watengenezaji wazuri wanaunda mwili wa sufuria kwa 18/10 na kitako wanakivisha bamba la stenlesi inayoshika sumaku. Hiyo inafaa kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni stenlesi halisi, dada, itakubali," mjibu kwa sumaku yako. Nyingi zina alama chini yake ya waya uliojipinda kama springi, maana yake zimetengenezwa kwa majiko haya, lakini alama ni wino tu na mtu yeyote anaweza kuichapa.

Utaona pia sufuria na vikaango vya alumini vyenye kibamba cha chuma kilichokandamizwa chini, kingine kimetobolewa vitundu vingi. Hivi vinakubali, lakini joto linatoka pale tu penye kibamba. Pima upana wa kibamba, usipime upana wa mdomo wa sufuria. Nimeona kikaango cha sentimita 26 ambacho kibamba chake hakizidi sentimita 14: katikati chapati inaungua, pembeni ni unga mbichi.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo watu wengi hawalitazami na linawaharibia chakula kila siku, yaani unene wa kitako. Stenlesi ni mvivu wa kusambaza joto. Alumini inasafirisha joto mara 15 hivi kuliko stenlesi ya kawaida. Sasa koili ya jiko dogo ina umbo la duara lenye tundu katikati, hivyo joto linazaliwa kama pete. Ukiweka sufuria nyembamba ya stenlesi, pete hiyo utaiona kwenye ugali wako, imejichora kwa weusi. Ndiyo maana sufuria nzuri ina kitako cha tabaka tatu: stenlesi ya ndani inayogusa chakula, alumini nene katikati ya kusambaza joto, na chini kabisa chuma cha sumaku cha kulizalisha. Itazame kwa ubavu, karibu na kitako, utaona ukingo wa bamba nene lililoungwa. Ukingo wa milimita tano hivi unatosha vizuri. Inyanyue pia kwa mkono. Sufuria ya lita tano inayopeperuka mkononi kama karatasi haitakupikia wali.

Unene huo una faida nyingine kwenye majiko ya bei ya kawaida kama lako. Mengi hayawezi kushusha umeme chini ya kiwango fulani kwa utulivu. Ukiliweka kwenye moto mdogo linawaka kwa nguvu sekunde chache, linazima, linawaka tena. Utalisikia. Kwenye sufuria nyembamba chakula kinachemka ghafla na kunyamaza, na tui linakatika na kushika chini. Kitako kizito kinalitunza joto la ule mwako na kulitoa polepole, na chakula hakitambui kwamba chini yake umeme unakatika na kurudi.

Kitako kiwe bapa. Weka ukingo wa rula juu yake. Kikibonyea ndani kidogo sana wakati kimepoa si neno, kwa sababu kikipata moto kinatanuka na kunyooka. Kikivimba nje, sufuria itazunguka juu ya kioo, na kila milimita inayoongezeka kati ya koili na chuma inapunguza joto. Kwa sababu hiyohiyo karai la mviringo la kukaangia maandazi halifai hapa hata likiwa la chuma. Na kitako kisiwe kidogo mno. Majiko mengi hayakitambui chombo chenye kitako chini ya sentimita 12, kwa hiyo kile kibirika kidogo cha kahawa kitalia pii pii hata kama sumaku inakishika.

Kuhusu ile sahani ya chuma ya kuweka katikati: usiinunue. Inafanya kazi kwa maana ya kwamba sufuria ya alumini itapata moto, ila umelirudisha jiko kuwa jiko la sahani ya umeme la zamani. Sahani inapata moto kwanza, kisha inautoa kwa sufuria kwa kugusana tu, huku joto jingine likiteremka kwenye kioo na kwenye vifaa vilivyo chini yake. Unapoteza umeme na unalifupishia jiko maisha. Fedha hiyo iweke kwenye sufuria.

Seti nzima pia sikushauri. Seti ya vipande kumi na viwili huwa na viwili au vitatu utakavyovitumia, na bei imegawanywa kote, hivyo hata hivyo vitatu vimekuwa vyembamba. Kwa vyakula ulivyonitajia ningenunua vyombo vitatu, kimoja kimoja, kadiri fedha inavyopatikana.

Cha kwanza ni presha kuka ya kuweka jikoni, ya stenlesi, lita tano au sita, yenye kitako cha sumaku. Nyingi zilizozagaa madukani ni za alumini, kwa hiyo sumaku isikutoke mkononi. Naitanguliza kwa sababu ya mahali unapoishi. Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Tanga yanachemka kwenye 100. Bila shaka umeshaona maharage ya Mbeya yanavyokaa jikoni, na huenda uliyalaumu maharage. Maji hayawi moto zaidi ya pale yanapochemkia, hata ukipandisha wati hadi mwisho. Ndani ya presha kuka mvuke unabanwa na joto linapanda kupita nyuzi 110, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva kwa nusu saa au pungufu, baada ya kuwa yalihitaji saa mbili. Usiijaze kupita nusu kwa maharage, yana povu linaloweza kuziba tundu la mvuke, na safisha tundu hilo kila ukimaliza.

Cha pili ni sufuria nzito ya tabaka tatu, lita tano, kitako sentimita 20 hadi 22, yenye vishikio viwili na mfuniko unaokaa sawasawa. Hiyo ni ya ugali na wali. Vishikio viwili ni lazima, kwa sababu kioo kinateleza. Kwenye mkaa ulikuwa ukisonga sufuria imekamatwa na mafiga ya jiko. Hapa ukikazana na mwiko sufuria inakimbia. Shika kishikio kimoja kwa kitambaa, weka jiko kwenye meza imara ya chini kidogo ili usonge ukiwa umeinamia, na ukitaka utulivu zaidi kuna vitandiko vyembamba vya silikoni vilivyotengenezwa kwa kazi hii, vinakaa kati ya sufuria na kioo na uga wa sumaku unapita humo kama hakuna kitu. Sufuria ikinyanyuka kidogo jiko litalia na kukatisha joto. Irudishe tu, litaendelea.

Cha tatu ni tawa ya chuma ya chapati, bapa chini. Huenda unayo tayari. Chuma cha kusubu, hata kile cheusi chenye miaka, kinapendwa na jiko hili kuliko chombo kingine chochote. Anza na moto mdogo kwa dakika tatu nne kisha upandishe, kwa sababu chuma kilichopashwa ghafla sehemu ya katikati kinaweza kupinda au kupasuka. Kinyanyue unapokihamisha, usikiburuze, maana kinachuna kioo. Sufuria za enameli, zile za maua, nazo zinakubali kwa kuwa ndani yake ni chuma, na kwa chai zinafaa sana. Ila usiache enameli ikaukie maji juu ya jiko. Rangi inaweza kuyeyuka na kugandamana na kioo, na hapo utapoteza vyote viwili. Vikaango visivyoshika chakula navyo visiachwe vitupu jikoni. Kwa wati 2,000 kikaango kitupu kinaweza kupita nyuzi 260 kabla hujamaliza kukata kitunguu, na kuanzia hapo ile ngozi nyeusi inaanza kuharibika na kutoa mvuke usiofaa kuvutwa.

Sufuria zako za alumini zibaki kwa gesi na mkaa. Hujapoteza kitu.

Sasa upande wa umeme, ambao ndio unaowagawa wewe na shemeji. Nitawapa kila mmoja haki yake, kwa sababu kila mmoja anayo.

Jiko lenyewe kwa kazi ya kupasha ni zuri. Katika kila uniti inayoingia, asilimia kama 85 inaishia kwenye chakula. Jiko la gesi la nyumbani mara nyingi halifikishi hata nusu ya joto lake kwenye sufuria, linalobaki linapita pembeni na kupasha jikoni. Wati 2,000 zinatisha kwenye boksi, lakini LUKU, yaani mita yenu ya umeme wa kulipia kabla, inahesabu wati pamoja na muda. Kuchemsha lita moja ya maji kunakula kama sehemu moja ya kumi ya uniti, na ukitumia wati 2,000 au 1,000 matokeo hayapishani sana. Kubwa linakwenda haraka na kuzima mapema. Shemeji akiiona ile namba 2000 kwenye kioo, mwonyeshe pia saa.

Umeme unapotea baada ya maji kuchemka. Kuifikisha lita moja ya maji kwenye mchemko kunahitaji nishati kidogo, lakini kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji mara saba yake. Sufuria iliyo wazi, inayotokota kwa nguvu, inatumia karibu umeme wote kutengeneza mvuke wa kulowesha dari. Saa moja ya wati 2,000 bila mfuniko ni uniti mbili kamili na zaidi ya lita mbili za maji zimekwenda hewani, na maharage hayakuiva mapema hata kwa dakika moja, kwa sababu joto lao lilikuwa ni lilelile la mchemko. Kwa hiyo pandisha wati hadi maji yachemke, kisha funika na ushushe mpaka kiwango kidogo kabisa ambacho bado kinatoa viputo. Ukitoka na jambo moja kwenye jibu hili lote, liwe hilo.

Tumia sehemu ya kuchagua wati, achana na ile ya kuchagua nyuzi joto. Kihisio cha joto kipo chini ya kioo, hakiguswi na chakula, kwa hiyo kinachelewa kujua na kinakosea sana.

Wali wa nazi nauzungumzia peke yake, maana najua mtu wa Tanga hataniachia nikiupita. Kule nyumbani maji yakikaukia tunapunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya mfuniko, wali ukaive kwa moto wa pande mbili. Jiko hili halina moto wa juu. Njia inayonipendeza ni hii: chemsha tui jepesi na chumvi, tia mchele, acha uchemke wazi mpaka maji yalingane na mchele, mimina tui zito, shusha hadi kiwango cha chini kabisa. Tandika kitambaa safi cha pamba juu ya mdomo wa sufuria, kaza mfuniko juu yake, na pindo za kitambaa uzikunje juu zisiguse kioo. Dakika kumi hivi zinatosha. Zima, na usifunue kwa robo saa nyingine. Kitako kizito kina joto la kuumaliza, na kitambaa kinanyonya mvuke usidondoke kuulowesha juu. Kwa mchele wa Kyela, ambao unao hapo mlangoni, punguza maji kidogo kama ni wa msimu mpya. Hautakuwa na lile joto kavu la makaa, sitakuficha, lakini utachambuka na hautashika chini.

Kabla ya kupika chochote, angalia soketi. Wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 ni karibu ampea 9. Soketi ya ukutani ya ampea 13 iliyofungwa na fundi anayejua kazi inaubeba mzigo huo, lakini zile ekstensheni nyembamba za kuchomekea simu haziubebi. Chomeka jiko peke yake ukutani. Baada ya dakika 20 za kupika gusa plagi: ikiwa ya moto kiasi cha kutovumilika, acha na uite fundi. Ukimaliza kupika usichomoe papo hapo, subiri feni ya ndani inyamaze, inapoza vifaa. Na kama yupo nyumbani mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kifuani, akae angalau sentimita 60 kutoka kwenye jiko linapofanya kazi, na amuulize daktari wake.

Sasa haki ya shemeji. Umesema mnanunua umeme wa 9,000 na unafika mwisho wa mwezi. Hiyo inaniambia mpo kundi la D1, la watumiaji wadogo. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, mteja wa D1 analipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na kodi na tozo zikijumlishwa inakuwa 122. Kama hakuna makato mengine, fedha yenu inawapa kama uniti 74. Mpo ukingoni kabisa. Uniti ya 76 na kuendelea ni shilingi 350 kabla ya kodi, kama 427 ukizijumlisha, na mkizidisha mara kwa mara mnaweza kuhamishiwa T1, kundi la watumiaji wa kawaida, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni kama 356.

Kwa mapishi ya watu watano, kwa vyombo nilivyotaja na mifuniko ikifanya kazi yake, nakadiria uniti moja na nusu hadi mbili kwa siku. Tuchukue mbili: 60 kwa mwezi. Mkibaki D1 nyongeza yake ni kama shilingi 25,000. Mkihamishiwa T1, nyumba nzima itakuwa kwenye 48,000 hivi kwa mwezi, badala ya 9,000 ya sasa. Kwa hiyo shemeji anapoona bili itapanda, yuko sahihi, ingawa kinachoipandisha zaidi ni ngazi ya bei kuliko jiko lenyewe. Kinachobaki ni kulinganisha nyongeza hiyo na fedha mnayotoa kwa mkaa na gesi mwezi mzima. Kaeni wawili muiandike, pamoja na ile ya mkaa inayotoka kidogo kidogo kila siku bila kuhesabiwa.

Kuna njia ya kati ambayo ningeifuata mimi kwa miezi miwili ya kwanza. Peleka kwenye umeme maharage ya presha kuka na chai ya asubuhi, yaani kazi zinazokula mkaa mwingi kwa muda mrefu au zinazokuamsha kuwasha moto alfajiri. Wali na ugali ubaki kwenye gesi kwanza. Siku ya kujaribu, zima friji na vingine vyote, soma uniti zilizobaki kwenye kile kidude cha LUKU, pika maharage, soma tena, uandike tofauti. Fanya hivyo kwa kila chakula. Mtakuwa na namba za nyumba yenu wenyewe, na mtaamua kwa hizo.

Nina ombi moja la mwisho, kwa sababu naijua baridi ya huko ya Juni na Julai. Msipashie maji ya kuoga kwenye jiko hili. Ndoo moja ya lita 15, kutoka ubaridi wa bombani hadi uvuguvugu wa kuogea, inakula karibu nusu uniti. Watu watano kila siku ni uniti mbili na robo, zaidi ya mapishi yenu yote. Nyumba nyingi zinazolalamika kwamba indaksheni imewamalizia umeme, ukiwauliza vizuri, sufuria kubwa kuliko zote iliyokaa juu ya kile kioo ilikuwa ya maji ya kuoga.